Mbeleko: Neno na Mzigo Wake

Miongoni mwa majina ya nguo za mtoto mchanga, nepi ni Kiingereza kilichovishwa irabu, nalo winda ladumu zaidi vinywani mwa wazee. Lakini mbeleko ndilo lililopunjwa kuliko yote. Hufasiriwa kuwa ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni, kisha mfasiri hupita. Fasiri hiyo si ya uongo, ila ni pungufu, na upungufu wake humfanya mwanafunzi alidhani neno hili kuwa ni jina la chombo tu, kama sufuria au ndoo.

Aghalabu husemwa kwamba mbeleko latokana na kitenzi beleka. Lakini Kiswahili kina eleka pia, chenye maana ile ile, na tofauti ya b si jambo la bahati. Sauti b ya Kibantu cha kale ililegea katika Kiswahili ikawa w, au ikatoweka kabisa, isipokuwa pale ilipotanguliwa na m: ndiyo sababu watu ni wawili, bali nguo ni mbili. Kwa kanuni hiyo eleka ndicho kitenzi kilichofuata mkondo wa kawaida, na mbeleko imeihifadhi b ya kale. Beleka yaelekea kuundwa upya kutokana na jina. Yaani nguo ndiyo iliyokizaa kitenzi.

Wanaopenda kulitafutia kila vazi la pwani asili ya Uarabuni au Uhindini hawana budi kunyamaza hapa. Washona husema mbereko, na kwao kubereka ni kubeba mgongoni na ni kuzaa vilevile. Kwa Wazulu imbeleko ni ngozi ya kumbebea mtoto, na ni jina la tambiko la kumjulisha mtoto huyo kwa mizimu ya ukoo wake, ambalo huchinjiwa mbuzi. Kitambaa chaweza kuwa kilitoka Bombay. Jina halikupanda jahazi.

Mswahili naye alilitia neno hili katika mambo ya arusi. Kwa desturi ya pwani baba wa bibi arusi hupewa kilemba, na mama hupewa mkaja na mbeleko. Mkaja ni nguo ajifungayo mzazi tumboni baada ya kuzaa. Basi kinacholipwa ni tumbo lililomzaa binti na mgongo uliomchukua, wala si ajabu kwamba jina hubaki lile lile hata malipo yawapo fedha taslimu. Anayeandika kwamba mbeleko ni “zawadi ya arusi”, akaishia hapo, amelificha deni lenyewe.

Iko na methali: mwana hutazama kisogo cha nina. Walimu huieleza kuwa mtoto huiga mwenendo wa mamaye, na ni kweli. Ila wengi hawasemi kwa nini kisogo, si uso. Aliyefungwa mbelekoni hana kingine cha kutazama. Mtoto wa kigari, anayesukumwa huku akimwangalia mamaye usoni, atahitaji kufafanuliwa methali hiyo darasani.