‘Uvimbe wa mishipa’ ni tafsiri inayopotosha

Katika makala za afya na vipindi vya redio kuna tafsiri iliyoota mizizi: ‘uvimbe wa mishipa’. Kinachokusudiwa ni vaskulaitisi, yaani maradhi ambamo kuta za mishipa ya damu hushambuliwa na kuharibika. Tafsiri hii ina kasoro tatu, na kasoro hizo zaweza kumgharimu mtu figo.

Kwanza, ‘mshipa’. Kwa Kiswahili mshipa ni ateri, ni vena, ni neva. Na mzee wa Pwani akikwambia ana mshipa, huenda anamaanisha ngiri. Tuseme basi ‘mishipa ya damu’.

Pili, ‘uvimbe’. Mwananchi akisikia neno hili anawaza nini? Jipu au saratani, basi! Ilhali mshipa ulioathirika si lazima uvimbe. Waweza kusinyaa, kuziba au hata kupasuka. ‘Mchochota’, neno ambalo baadhi ya matabibu wa Tanzania hulitumia, lafaa zaidi.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, jina hili moja limefunika maradhi mengi. Hebu tutazame machache. Kuna kingamwili ziitwazo ANCA, ambazo hulenga protini za neutrofili, aina ya seli nyeupe za damu. Zikilenga protini ya PR3, aghalabu ugonjwa ni granulomatosisi yenye poliangitisi, unaoandama pua, mapafu na figo. Zikilenga MPO, mara nyingi ni poliangitisi ya mishipa midogo sana. Kingamwili zikishambulia utando wa chujio za figo, huo ni ugonjwa mwingine, na mgonjwa huhitaji kusafishwa plazma haraka. Kingamwili za IgA zikirundikana kwenye kuta za mishipa, huwa ni ule unaowatoa watoto madoa mekundu miguuni. Nayo poliateritisi nodosa kwa kawaida haina ANCA kabisa. Baadhi ya wagonjwa wake wana virusi vya homa ya ini aina ya B, na hao virusi lazima vitibiwe pia.

Haya yote ati ni ‘uvimbe wa mishipa’? Mgonjwa aliyeambiwa hivyo atanunua dawa ya kuchua, huku figo zinaharibika kimyakimya.

Wapo wanaolikataa pia neno ‘kingamwili’, wakiuliza vipi kinga iushambulie mwili. Mimi nalitetea. Kikulacho ki nguoni mwako. Mkinzano huo umo katika ugonjwa wenyewe, haumo katika neno.

Wengine watasema tafsiri imeshazoeleka, tuiache. La! Granulomatosisi niliyoitaja iliitwa kwa jina la daktari Mjerumani, Friedrich Wegener. Mwaka wa 2011 vyama vya madaktari vya Marekani na Ulaya vilipendekeza jina la sasa, baada ya uhusiano wake na chama cha Nazi kujulikana. Ikiwa wenye istilahi wanaisahihisha, sisi tunaoitafsiri tunang’ang’ania nini?

Pendekezo langu ni ‘mchochota wa mishipa ya damu’, kisha itajwe aina yake na kingamwili inayohusika, ikiwepo. Lakini mwandishi asigeuze kipimo kuwa hukumu: kuna wagonjwa wasio na ANCA, na kuna wenye ANCA wasiougua maradhi haya. Ndiyo maana daktari huomba pia kipande cha nyama ya figo au ngozi kichunguzwe. Nasi tuchunguze neno kabla ya kulichapisha.