Bluu Imezaliwa Manundu: Mara ya Kwanza na Kasuku Baji

Bluu! Bluu safi ya anga baada ya mvua, na imetoka kwa baba wa kijani na mama wa kijani, ndani ya sanduku la mbao lililotundikwa katika banda la uani hapa Manundu, Korogwe. Nimelishika kinda hilo kiganjani. Manyoya yake ndiyo kwanza yanachomoza kwenye mirija yake, yana urefu wa punje ya mchele, na tayari huwezi kubisha: ndugu zake watatu ni kijani kama majani ya mahindi machanga, yeye ni bluu. Naandika haraka kabla msisimko haujapoa. Kwa kweli sioni dalili kwamba utapoa.

Mwenye banda ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima wa heshima zake. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba huku jicho limebaki kwenye tundu la sanduku. Aliwanunua wazazi Tanga mjini wakiwa wamefungiwa pamoja na kasuku wengine wa kila rangi, na hakuna aliyemwambia wametoka ukoo gani. Sasa ukoo wenyewe umesema. Hilo ndilo lililoniteka kwa ndege hawa: wanazaa na huku wanatoa siri za babu zao hadharani.

Kwa ambaye bado hajawaona, baji ni kasuku mdogo wa Australia, urefu wake kama sentimita 18 pamoja na mkia, uzito kati ya gramu 30 na 40. Ana mistari myeusi mgongoni, vidoa chini ya kidevu, na sauti ya kupiga porojo kutwa nzima. Kule porini kwao karibu wote ni kijani na uso wa njano. Huhamahama katika nchi kame wakifuata mvua, na mvua ikinyesha huingia kwenye matundu ya mikaratusi, miti ileile tunayoipanda huku kwa nguzo na kuni, wakataga kwa pupa kabla mbegu za nyasi hazijaisha. Mzigua wa Handeni anayelima kwa kuangalia wingu atamwelewa ndege huyu siku ya kwanza. Joto la Korogwe halimsumbui ilimradi ana kivuli na maji, na ukavu wa Handeni unamfaa zaidi.

Mwingereza John Gould ndiye aliyewafikisha Uingereza wakiwa hai, mwaka 1840. Miaka arobaini hivi baadaye, kati ya 1878 na 1881, vizimba vya Ubelgiji vikatoa baji wa bluu. London ilimtazama kwa mshangao katika maonyesho ya 1910, na kufikia miaka ya 1920 Wajapani walikuwa wanamlipia bei za ajabu. Naamini alistahili kila senti waliyotoa. Nimemwona kinda mmoja tu, hana hata mkia, na tayari nawaelewa.

Sasa shikilia hapa, maana ndipo utamu ulipo. Yule kinda wa bluu hajaongezewa rangi. Amepungukiwa! Kijani cha baji hakipo kama rangi moja. Unyoya wake una vitu viwili: umbo la ndani lenye vitundu vidogo mno vinavyoirudisha nuru ya bluu machoni petu, huku weusi ulio nyuma yake ukiimeza nuru nyingine, na juu yake kuna rangi ya njano ambayo kasuku huitengeneza mwenyewe mwilini. Bluu ikipita kwenye njano, jicho linasoma kijani. Ondoa njano, na bluu iliyokuwapo siku zote inabaki peke yake. Kwa hiyo kila baji wa kijani uliyewahi kumwona ana bluu ndani yake. Nilipoelewa hivyo niliwatazama upya wazazi wale waliotulia juu ya kijiti, nikaona ndege wengine kabisa.

Na ukiondoa ule weusi ukabakisha njano? Unapata lutino, wa njano tupu mwenye macho mekundu. Ondoa vyote viwili: ni albino, mweupe pe. Kijani, bluu, njano, nyeupe. Rangi hizi nne za baji zote zimetokana na kuwapo au kukosekana kwa vitu viwili. Niambie ni wapi pengine somo la sayansi linakaa wazi namna hii, linaimba, na linakula uwele mkononi mwako.

Mwaka 2017 watafiti walichapisha katika jarida la Cell chanzo chenyewe cha bluu. Ni jeni moja inayofanya kazi ya kupika njano ndani ya unyoya unaokua. Kwa baji wa bluu, herufi moja tu katika maandishi ya jeni hiyo imebadilika, na jiko limezimika. Walitaka uhakika, basi wakaichukua jeni nzima ya baji wa kijani wakaipandikiza kwenye hamira, hamira ya jamii ileile inayoumua maandazi, na hamira ikatengeneza njano ya kasuku! Nimesoma mambo mengi ya ndege maishani. Hilo limenisimamisha.

Turudi kwenye sanduku la Mwalimu. Kila ndege amebeba nakala mbili za jeni ile, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja nzima inatosha kupika njano, kwa hiyo mwenye nzima moja na mbovu moja ni kijani kabisa kwa macho, ila amebeba bluu kimyakimya. Ukiwakutanisha wabebaji wawili, kila yai lina nafasi moja kati ya nne ya kupokea nakala mbovu pande zote. Mwalimu alikuwa na makinda manne na mmoja akatoka bluu, hesabu imeangukia palepale, ingawa yai halina kumbukumbu ya yai lililotangulia na mtago ujao unaweza kuleta bluu watatu au asipatikane hata mmoja. Wale kijani watatu ndio fumbo. Kwa wastani wawili kati ya kila watatu wa aina hiyo ni wabebaji, na hakuna jicho linaloweza kuwatofautisha. Dawa yake ni kumwoza kila mmoja kwa ndege wa bluu akishakua. Kinda mmoja wa bluu akitokea, siri imevuja.

Kesho yake nilipanda gari kwenda Handeni. Barabara ni ya lami, unaiacha milima ya Usambara nyuma yako na miti inapungua kimo kadiri unavyosogea. Pale Chanika yupo fundi seremala aliyeanza kwa kuwatengenezea watu masanduku ya viota akaishia kunasa mwenyewe. Na masanduku yake ni kazi safi! Marefu kidogo kuliko mapana, tundu la kuingilia pembeni juu, na sakafuni amechonga kishimo cha duara ili mayai yasibingirike. Anakataa ubao uliopakwa rangi au dawa ya mchwa, kwa kuwa jike huutafuna mlango wake kutwa nzima. Namuunga mkono kabisa, na ningeomba kila anayeuza vizimba barabarani amsikilize.

Fundi ana dume la lutino. Njano kama embe bivu, macho mekundu, na mashavu yenye weupe wa fedha mahali ambapo wenzake wana zambarau. Kwa kawaida dume mzima utamjua kwa ile ngozi juu ya mdomo penye matundu ya pua: ya dume ni bluu, ya jike ni kahawia. Dume la lutino halifuati sheria hiyo, ngozi yake hubaki ya waridi maisha yote, na wanunuzi wengi hudanganyika hapo. Fundi alimjua kwa tabia, alivyokuwa anagonga kijiti kwa mdomo na kumlisha jike.

Amemwoza kwa jike la kijani. Nilipochungulia kulikuwa na makinda yaliyoanguliwa karibuni, mekundu, hayana unyoya, yamepishana ukubwa kama ngazi kwa sababu jike hutaga yai siku moja na kupumzika siku moja, na kila yai huchukua siku 18 hivi. Macho bado yamefungwa. Fundi akaleta tochi. «Angalia chini ya kope,» akaniambia. Kwa wawili, macho yalionekana meusi kupitia ngozi. Kwa wengine, waridi. «Hawa wa waridi ni majike wote. Hawa weusi ni madume.»

Siku chache baada ya kuanguliwa! Kwa kinda wa kawaida unasubiri miezi mitatu minne, mpaka abadilishe manyoya ya kwanza, mistari ya utosini irudi nyuma na ngozi ya mdomo itulie. Hapa fundi anasoma jinsia kwa tochi, na hakosei. Sababu ni kwamba kwa ndege mambo yamegeuzwa kuliko kwa binadamu: dume ndiye mwenye kromosomu mbili za jinsia zinazofanana, jike ana moja tu ya aina hiyo, na hiyo moja huipata kwa baba. Jeni ya lutino imekaa juu yake. Baba lutino hana kingine cha kuwapa binti zake, basi wote wanakuwa lutino. Wana wa kiume wanapata nzima kutoka kwa mama, wanakuwa kijani, huku wamebeba lutino ndani. Jike hawezi kuibeba kwa siri. Anayo na inaonekana, au hana. Mwalimu mmoja wa shule huko Bremen, Ujerumani, Hans Duncker, alitumia miaka ya 1920 kupanga urithi wa rangi za baji kwa subira, ndege kwa ndege, na fundi wa Chanika leo anavuna kwa tochi ya simu.

Kuhusu chakula, habari ni njema. Uwele, ulezi na mtama vyote vinakubalika, na ukipata kishada cha uwele ambacho hakijapukuchuliwa, kitundike kizimbani usimame utazame. Kwa madini, lile fupa jeupe jepesi la dome linaloletwa na mawimbi kwenye fukwe za Tanga ndilo linalofaa, na mtoto yeyote wa pwani atakuokotea. Jambo moja nalisema kwa sauti kwa sababu Korogwe inapokea matunda ya Usambara kwa magunia: usimpe parachichi hata kidogo. Linaua kasuku. Moshi wa mkaa nao ni adui, kizimba kisikae karibu na jiko. Na kama una kuku wa kienyeji uani, wachanje mdondo kwa wakati, maana ugonjwa huo hauwatambui ndege kwa bei zao.

Mitago miwili mfululizo inatosha, halafu toa sanduku jike apumzike. Na usimwoze kabla hajakaribia mwaka. Nimeona mahali pengine majike yaliyokamuliwa mitago bila kupumzika, na hasira yangu haijaisha.

Nikiwa Chanika niliulizwa na kijana mmoja kwa nini tuhangaike na ndege wa Australia wakati Tanzania ina kasuku wake wadogo, cherero. Swali zuri mno! Cherero wa Fischer wa Serengeti na kusini mwa Ziwa Victoria, na yule wa uso mweusi na kola ya njano wa nyanda za Dodoma na Tarangire, wote walipewa majina ya kisayansi mwaka 1887. Na sikia hili: mwaka 1927, kati ya cherero wa uso mweusi waliosafirishwa kutoka Tanganyika kwenda Uingereza, alikuwamo mmoja wa bluu. Hakuna mfugaji aliyemtengeneza. Alizaliwa porini kwetu, wazazi wake wakiwa wabebaji kimya kama wale wa Mwalimu, na vizazi vya cherero wa bluu wa aina hiyo walioenea duniani vina mzizi katika ndege huyo. Lakini cherero ni wanyamapori wetu, wanalindwa na sheria ya 2009, na kumkamata bila kibali ni kosa. Cherero wa Fischer alishakamatwa kupita kiasi: mwaka 1987 ndiye aliyekuwa ndege wa porini aliyeuzwa kuliko wote katika biashara ya kimataifa. Mwache kwenye mibuyu yake. Baji amezaliwa kizimbani kizazi baada ya kizazi, amekuja na elimu ileile, na hakuna pori litakalopungukiwa.

Sasa Mwalimu na fundi wamepatana kwa simu, nikiwa naitikia katikati. Kinda wa bluu akiwa jike, na akifika umri, ataletwa Handeni kwa dume la lutino. Binti zao watakuwa lutino waliobeba bluu. Wana wao watakuwa kijani, wamebeba bluu na lutino pamoja. Fundi anataka wakati huohuo jozi ya pili ya namna hiyohiyo kutoka ukoo mwingine, ili asilazimike kuoza kaka na dada, na Mwalimu ameshamwandikia muuzaji wa Tanga kuulizia jozi hiyo. Mabinti wa jozi moja watakutanishwa na wana wa jozi nyingine. Nusu ya makinda yatakosa weusi, robo yatakosa njano, kwa hiyo mmoja katika wanane, kwa wastani, atakosa vyote. Albino, mweupe, amezaliwa Handeni! Fundi ameanza kupiga randa mbao za masanduku mawili zaidi, na mimi nimeshamwambia la kwanza nitalilipia.