Msimbo Chanzo, Kompaila na Suala la Kuaminika: Tahakiki ya Hotuba ya Ken Thompson

Mjadala kuhusu iwapo mtumiaji ajijengee programu kutoka kwenye msimbo chanzo, au apokee faili zilizojengwa na kujaribiwa na wengine, huendeshwa kana kwamba jibu li wazi: anayejijengea ameona kila kitu, anayepokea amefumba macho. Hotuba ya Ken Thompson ya Tuzo ya Turing, iliyochapishwa mwaka 1984, ilibomoa msingi wa dai hilo. Inastahili kusomwa kwa makini kuliko inavyosomwa na wengi wanaoitaja.

Hoja yake ni fupi. Kompaila ya lugha ya C nayo imeandikwa kwa C, hivyo hujengwa na kompaila iliyoitangulia. Mtu akiifunza kompaila hiyo kuitambua programu ya kuingilia mfumo na kupachika humo mlango wa siri, kisha akaifunza kujitambua inapojengwa na kurithisha hila zote mbili, anaweza kufuta ushahidi wote katika msimbo chanzo. Msomaji ataupitia mstari kwa mstari asione kitu. Anayejijengea, basi, hajaepuka faili ya mtu mwingine. Ameihamisha imani yake kutoka kwenye programu hadi kwenye kompaila.

Udhaifu wa hotuba uko katika hitimisho lake, kwamba usiuamini msimbo ambao hukuuandika wote mwenyewe. Kimantiki ni sahihi. Kiutendaji halimfai yeyote, kwani ni nani aandikaye kompaila yake, sembuse kuunda kichakataji chake? Thompson anamchora mtumiaji aliye peke yake. Haulizi itakuwaje wajenzi wawili wasiotegemeana wakilinganisha matokeo yao. David A. Wheeler alilishughulikia swali hilo katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 2009: msimbo wa kompaila inayoshukiwa ujengwe kwa kompaila nyingine yenye asili tofauti, kisha tokeo lake liujenge msimbo uleule tena. Tokeo la pili lisipolingana biti kwa biti na kompaila inayoshukiwa, pana jambo linalohitaji maelezo. (Wahariri wa miswada ya tenzi hawatashangazwa na mbinu hii, nao hawaridhiki na nakala moja.)

Tukio la xz la Machi 2024 linaipa hoja hii uzito. Katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1, sehemu iliyoamsha hila haikuwamo katika hazina ya msimbo iliyo wazi kwa wote, bali katika furushi la chanzo walilopewa wajenzi. Nayo ilikagua kwanza iwapo kinachojengwa ni kifurushi cha Debian au cha RPM. Wajenzi walianza na chanzo, na chanzo ndicho kilichokuwa na sumu. Andres Freund, aliyeifichua, alikuwa akitumia faili za Debian zilizojengwa tayari. Kilichomshtua ni kuingia kwa SSH kuchelewa takribani nusu sekunde.

Hata hivyo, neno "zimejaribiwa" nalo lisitulaze usingizi. Tangu mwaka 2006 hadi 2008 OpenSSL ya Debian ilibeba badiliko la watunzaji wake lililopunguza unasibu, hata funguo zilizowezekana kwa kila aina na ukubwa zikawa 32,767 tu. Programu ilifanya kazi bila kusita. Kila ufunguo, ukitazamwa peke yake, ulionekana halali. Kasoro ingeweza kuonekana kwa kulinganisha funguo za mashine nyingi.