Uso Hauna Kazi Kubwa Hivyo

Sinema zimetufunza kwamba poka ni mchezo wa nyuso. Katika Rounders ya 1998, Matt Damon anamvunja John Malkovich kwa kuangalia vile anavyokula biskuti. Katika Casino Royale ya 2006, James Bond hashughuliki sana na kadi zake. Anatazama jicho la Le Chiffre. Basi hapa Jamhuri, mazungumzo ya kamari yakianza tu, lazima msee mmoja aseme: poka ya simu si poka, huoni mtu usoni. Anasema kama hakimu. Mimi nadhani amekosa pointi, na amekosa mahali penyewe.

Mtu aliyewahi kukaa kwenye meza ya kasino, Kilimani ama Westlands, anajua kwamba kazi kubwa pale ni kungoja. Mgawaji kadi hata akienda mbio, mnacheza mikono 25 hadi 30 kwa saa. Mchezaji mwenye akili anatupa mingi kati ya hiyo bila kuhangaika. Saa nzima imeisha, labda amecheza mitano ama sita. Muda uliobaki anakunywa chai, anapanga chipsi zake (zile za plastiki, si za kukula), anamsikiliza mzee wa pembeni akilalamikia mkono aliopoteza mwaka jana. Nyuso zenyewe zimechoka, hazisemi kitu. Na mikono mingi huisha bila mtu kuonyesha kadi: mmoja anaweka pesa nzito, wengine wanatupa, kitita kinaondoka. Kinachosomwa ni kiasi alichoweka, amekiweka lini, na ameketi wapi kwenye zamu. Hayo yote yako kwenye skrini pia, tena yameandikwa.

Ndiyo maana waliojifunzia kwenye skrini hawakupotea walipofika mezani. Mwaka 2003 mhasibu wa Tennessee aitwaye Chris Moneymaker (jina lake halisi, usicheke) alilipa dola 86 kwenye shindano la PokerStars, akashinda tiketi ya kwenda Las Vegas, na huko akachukua dola milioni 2.5 na ubingwa wa dunia. Mwaka 2017, programu ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon inayoitwa Libratus ilicheza mikono 120,000 kwa siku 20 dhidi ya wachezaji wanne wa kulipwa, kwenye kasino moja ya Pittsburgh. Iliwachapa wote. Libratus haina macho. Mkwara iliupiga, na wa kwao iliushika, kwa hesabu peke yake.

Tena hiyo sifa ya uso ina upande ambao wapenzi wa kasino hawautaji. Uso ukionekana, viatu vinaonekana pia. Nairobi hii, mlinzi wa mlangoni hukusoma miguu kabla hajaangalia kitambulisho. Mezani mtu atakuuliza unafanya kazi wapi, ulisoma wapi, na jibu lako linaamua kama watakuheshimu ama watakuonea. Mimi niliacha chuo, na kwa maswali hayo sina majibu ya kupendeza. Kwenye meza ya simu hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa jina na picha ndogo ya paka, na nikiongeza dau, wenye digrii zao walikuwa wanafikiria mara mbili. Sidharau hilo hata kidogo.

Kwa hivyo tofauti iko wapi? Iko kwa kungoja, na kwa mlango.

Kasino haijakataa kukunyang'anya. Kuta zake hazina saa na usiku wake hauna mwisho. Lakini kutoka Jamhuri lazima uvae, utoke, upite Ngong Road. Pesa zako zinageuzwa plastiki na keshia, na ukitaka kuzirudisha unasimama mbele za watu na kutembea hadi dirishani. Zikiisha, kutafuta zingine ni safari. Kwenye simu, meza na pochi ni kitu kimoja tangu M-Pesa ije 2007, na tangu Fuliza ije 2019 hata mkopeshaji amehamia humo humo. Meza moja ya intaneti inatembea mikono 60 hadi 80 kwa saa, na msee anaweza kufungua nne pamoja. Ukipiga meza nne kwa mikono 70, hiyo ni mikono 280. Kule kasino ingekuchukua kama saa kumi. Mtu yule yule, na makosa yale yale, anamaliza mwezi wake kati ya taarifa ya saa moja na ya saa tatu, akiwa amelala kitandani.

Aprili 2025, bodi ya kusimamia kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Sawa. Lakini tangazo halikuwa linacheza. Mwendo ndio ungeguswa kwanza.

Na tukisema ukweli, wasee wengi wanaosema "poka ya simu" hawachezi poka. Wanacheza Aviator, ile ya kampuni ya Spribe iliyotoka 2019: ndege inapaa, namba inapanda, unatoa doo kabla haijatoweka. Kwenye poka pesa yako inaenda kwa mwenzako, na nyumba inakata ada yake. Kwa hiyo kuna mtu wa kumpigia mkwara, hata kama ni picha ya paka. Kwenye Aviator hakuna mwenzako wa kumshinda. Kuna orodha tu pembeni, majina yamefunikwa nusu, fulani ameweka mia, fulani ametoa elfu mbili. Umati upo, mpinzani hayupo. Hapo ndipo malalamiko ya uso yangefaa, na ndipo sijawahi kuyasikia.

Mchezo wetu wenyewe wa mtaani, kadi, unachezwa kwenye ngazi za ploti kwa soda ama kwa maringo matupu. Hauhitaji uso wa kusomwa. Unahitaji sauti. Ukikaribia kumaliza lazima utangaze, "Niko kadi!", na walio kwenye zamu wakupige mbili, tatu, joka, chochote cha kukuzuia. Usipotangaza, hata kadi yako ya mwisho ikiingia sawasawa, hujashinda.