Vitabu vya Wavumaji na Ukurasa wa Majike

Wengi wetu tulio Amerika ya Kaskazini tumekwisha kumwona yule ndege mdogo anayesimama hewani mbele ya ua kana kwamba ametundikwa kwa uzi. Wapo wanaosema ni chozi wetu wa nyumbani. Si chozi. Chozi ni wa Afrika, Asia mpaka Australia, na kwa kawaida hutua kwanza kwenye kijiti ndipo anywe. Huyu wa huku, ambaye katika makala haya tutamwita mvumaji kwa ule uvumi wa mabawa yake, ni wa mabara ya Amerika peke yake, na aina zake zinapita 350. Wanafanana na chozi kwa sababu ya kazi moja tu, ya kunyonya nekta, kama vile mafundi wawili wasiojuana wanavyoweza kuchonga mpini wa aina moja.

Hatukusudii kumweleza mvumaji hapa. Tunakusudia kuhakiki vitabu vinavyodai kutufundisha kumtambua. Vitatu vilitoka karibu kwa mfululizo, na hata leo ndivyo vinavyotajwa sana: The Sibley Guide to Birds cha David Allen Sibley (2000, na toleo la pili 2014), A Field Guide to Hummingbirds of North America cha Sheri L. Williamson (2001), na Hummingbirds of North America cha Steve N. G. Howell (2002). Swali letu kwa vyote vitatu ni moja: vinasema nini juu ya jike?

Swali hili si la mzaha. Dume wa mvumaji wa huku akishampata jike, kazi yake imekwisha. Jike peke yake hujenga kiota kwa nyuzi za buibui na sufi ya mimea, hutaga mayai mawili, huyaatamia kwa muda wa kama wiki mbili, kisha hulisha makinda bila msaada wa yeyote. Kwa hiyo anayeonekana juu ya kiota ni jike. Mtu akitaka kuandika kwamba aina fulani inazaliana katika kaunti fulani, shahidi wake ni huyo huyo jike, na asipoweza kumtaja kwa jina hana ushahidi. Dume mwenye koo linalowaka huenda akawa mpita njia tu. Sasa fungua vitabu vingi vya ndege uone nani amepewa picha kubwa.

Mazoea haya yana asili yake. John Gould, Mwingereza, alitoa kitabu chake kikubwa cha wavumaji kati ya 1849 na 1861, majalada matano yenye picha 360. Ili koo na vichwa ving'ae kama vilivyo, picha zilitiwa karatasi ya dhahabu chini ya rangi. Mwaka 1851 watu wa London walijipanga katika bustani ya wanyama ya Regent's Park kuangalia wavumaji wake waliokaushwa. Na Gould mwenyewe hakumwona mvumaji hai mpaka 1857, alipokwenda Philadelphia. Kazi yake ni nzuri mno kwa macho, nasi hatuoni sababu ya kuidharau. Lakini dhahabu iliwekwa mahali pa kung'aa, na mahali pa kung'aa ni kwa dume. Waliofuata baadaye walirithi jicho hilo hata walipoacha dhahabu yenyewe.

Majina nayo yakafuata. Mvumaji wa mashariki ya Marekani anaitwa kwa Kiingereza koo-yakuti. Koo la jike wake ni jeupe. Jirani yake wa magharibi anaitwa kidevu-cheusi, na kidevu cha jike wake ni cheupe vile vile. Hata yule aliyepewa jina la mwanamke, Anna, mke wa Duke wa Rivoli wa Ufaransa, anajulikana kwa kichwa chekundu cha waridi ambacho jike hana. Mwanafunzi anajifunza jina ambalo kwa nusu ya ndege ni uongo, kisha anashangaa kwamba nusu hiyo inamchanganya.

Kwa sisi wa fani ya uhandisi kuna jambo jingine. Rangi ile ya kooni si rangi ya kupakwa. Crawford Greenewalt, mhandisi wa kemia aliyeongoza kampuni ya DuPont na ambaye mwaka 1960 alitoa kitabu cha picha za wavumaji zilizopigwa kwa kasi ya ajabu, alieleza kwamba ndani ya unyoya mna vibamba vyembamba mno vyenye viputo vya hewa, na mwanga ukigongana navyo kwa pembe fulani ndipo wekundu unapotoka. Pembe ikibadilika kidogo, koo la yakuti huwa jeusi tii. Alama iliyosifiwa kuliko zote, basi, huwaka na kuzimika ndege akigeuza shingo. Umbo la bawa halizimiki. Urefu wa mdomo hauzimiki. Na hizi ndizo alama anazotuachia jike.

Tuchukue mfano mgumu, wa koo-yakuti na kidevu-cheusi, ambao hukutana Texas, mahali wanapoishi wenzetu wengi. Wakati wa kuhama majike wa aina zote mbili wanaweza kuja kwenye chombo kimoja cha maji ya sukari. Wote ni kijani mgongoni, weupe chini, na mkia wenye ncha nyeupe pembeni. Mtu wa mbali atasema ni wale wale. (Nasi tumeshaambiwa mara ngapi, ofisini na kwenye foleni, kwamba Mkenya, Mtanzania na Mkongo hawana tofauti?) Aliyezoea ataanza kuona. Koo-yakuti ana kijani kilichokolea zaidi, hata utosini. Kidevu-cheusi utosi wake umefifia kuelekea kijivu na kifua chake si cheupe safi. Mdomo wa kidevu-cheusi kwa kawaida ni mrefu zaidi na umepinda kidogo kuelekea chini. Anaponyonya hewani huutikisa mkia bila kupumzika. Koo-yakuti huutuliza zaidi. Wakitua, mkia wa koo-yakuti huzidi mabawa kwa urefu unaoonekana.

Alama iliyo bora kuliko hizo iko kwenye ncha ya bawa. Unyoya mrefu wa mwisho wa koo-yakuti ni mwembamba na unachongoka. Wa kidevu-cheusi ni mpana, umepinda, na ncha yake ni butu kama kisu cha kupakia siagi. Kwa madume wazima tofauti ni kubwa zaidi, lakini kwa jike pia ipo, na anayepata picha nzuri ya ndege aliyetua ataiona. Tahadhari ni hii: unyoya ukiwa umechakaa, au ukiwa bado unaota baada ya ule wa zamani kung'oka, umbo lake halina la kusema.

Hapo ndipo vitabu vyetu vinapoachana. Sibley amechora kila kitu kwa mkono wake, na faida ya mchoraji ni kwamba huwaweka ndege wawili katika mkao mmoja na mwanga mmoja, jambo ambalo kamera haliwezi kwa bahati. Kwa anayetaka kujua ndege anavyoonekana hatua kumi mbali, bado hana mpinzani. Lakini kitabu chake ni cha ndege wote wa bara, na nafasi ya maneno ni finyu. Msomaji huambiwa alama, haambiwi aiamini kiasi gani.

Williamson ni mtu wa kuwashika wavumaji mkononi na kuwavisha pete. Yumo miongoni mwa waanzilishi wa Southeastern Arizona Bird Observatory. Kitabu chake ndicho tunachompa mgeni, maana kinamweleza ndege kama kiumbe chenye maisha, kwa sauti yake, safari zake na bustani anazopenda. Kasoro yake ni ya mpangilio. Picha zimewekwa pamoja mahali pake na maelezo marefu mahali pengine, na mtu mwenye darubini mkono mmoja na kitabu mkono wa pili hana mkono wa tatu wa kupekulia.

Howell ndiye anayelipa umbo nafasi ya kwanza. Anamtaka msomaji aangalie kwanza ndege ni wa ukoo gani kwa bawa na mkia, kisha ndipo aulize aina. Kwa mfano koo-yakuti na kidevu-cheusi ni wa ukoo mmoja, na katika ukoo huo yale manyoya sita ya ndani kati ya manyoya kumi marefu ya bawa ni membamba ghafla kuliko manne ya nje. Ukiliona hilo, umeshawaondoa wa Anna, wa Costa na wale wekundu kwa mara moja, bila kutazama koo. Huu ni utaratibu wa fundi anayetafuta hitilafu: huanza kwa kugawa mfumo, habahatishi kifaa. Maandishi yake ni makavu, hatukatai, na anayefungua kitabu hiki kwa kutafuta uzuri wa ndege atakiona kigumu. Sisi tumekiona ni cha heshima, kwa msomaji na kwa jike.

Wa Anna na wa Costa hawahitaji maneno mengi. Jike wa Anna ni mkubwa, mchafu-mchafu kifuani, mara nyingi na doa jekundu katikati ya koo, na akielea mkia wake umetulia. Wa Costa ni mdogo, safi zaidi chini, na akitua mabawa hufika mwisho wa mkia au kuupita. Mwenye masikio atawatenganisha kwa sauti kabla ya kuinua darubini.

Kipimo cha mwisho cha mwandishi wa vitabu hivi ni jike wa mvumaji mwekundu-kutu na jike wa mvumaji wa Allen. Mwaka 1972 F. Gary Stiles alionyesha katika jarida la The Condor namna ya kuwatenganisha kwa manyoya ya mkia, na tofauti zenyewe ni sehemu za milimita. Hiyo ni kazi ya ndege aliye mkononi, au ya picha kali ya mkia uliofunguka wote. Kwenye chombo cha maji ya sukari, mwenye kusema "huyu ni wa Allen" kwa sababu yuko pwani ya California hajamtambua ndege, ametambua ramani. Na ramani nayo haifungi mlango, kwa kuwa wekundu-kutu, wanaozaliana mpaka Alaska, hupita pwani hiyo hiyo wakihama. Mwandishi mwaminifu hapa huandika kwamba hawatambuliki, na hatuoni aibu yoyote katika neno hilo. Mahesabu yanapogongana, mhandisi huandika mipaka ya kosa. Hajazi tarakimu za kufurahisha mteja.

Siku hizi vijana wetu watatuambia vitabu vimepitwa, kuna programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell, unaipa picha nayo inakupa jina. Tunaitumia, na ni nzuri. Lakini nayo hutegemea mahali na tarehe katika kuchagua, na kwa jike aliyepotea njia mahali na tarehe ndivyo vitu vya kwanza kudanganya. Haikuambii ni unyoya upi ulioiridhisha. Kitabu kinachokosea kwa sababu unazoweza kuzisoma kina faida kuliko jibu sahihi lisilo na sababu.

Hata hilo la kusema majike wamefifia na madume wanang'aa si sheria kamili. Madume vijana huvaa kama mama zao, kwa hiyo "majike" wengi wa vuli ni vijana wa kiume. Na mwaka 2021 Jay Falk na wenzake walitangaza utafiti wa Panama juu ya mvumaji mmoja mwenye shingo nyeupe: karibu mmoja kati ya kila majike watano wazima anavaa manyoya ya dume, na wanaovaa hivyo hawasumbuliwi sana kama wenzao wanapokula. Vitabu vyote vitatu vilitoka kabla ya habari hiyo. Yule ndege haishi Marekani, lakini mhariri wa toleo lolote jipya itambidi aamue aandike nini chini ya picha yenye neno "dume".

Kama mtu ana fedha ya kitabu kimoja, anunue cha Howell, hata kwa mkono wa pili. Ukurasa wa koo-yakuti na kidevu-cheusi ausome akiwa nyumbani, mara mbili, kabla ya mwezi Septemba. Kitu kimoja hakuna kitabu kati ya hivi kinachoweza kukionyesha, nacho ni mkia unaotikisika. Kwa hicho itabidi aketi karibu na chombo cha maji ya sukari na kungoja.