Wimbo Usiotaja Jina

Mgeni wa taarabu akiyasikiliza maneno yake peke yake anaweza kuamini kwamba watu wa pwani hawana jingine la kuimba ila maua na ndege. Asumini imenyauka, njiwa kahama tundu, chombo kimekata nanga, embe limeiva na mwenye shamba hana habari. Hatajwi mtu wala mtaa. Halafu, katikati ya ubeti wa pili, mwanamke mmoja anainuka, analijongelea jukwaa kwa madaha, noti kaibana kati ya vidole viwili, na nusu ya ukumbi inageuza shingo kumtazama mwanamke mwingine aliyekaa safu ya tatu. Wimbo umepata mtu wake. Ufundi ninaotaka kuusifu ni huo: ufundi wa kutunga maneno yenye nafasi tupu ya jina, nafasi ambayo mtunzi haijazi, mwimbaji haijazi, anakuja kuijaza msikilizaji. Nadai kwamba ndio ufundi mkubwa kuliko wote katika taarabu, kuupita hata wa wapiga udi na fidla ambao ndio husifiwa kila siku.

Wapigaji nao wana haki ya sifa zao. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alivutiwa na muziki wa Misri hata akampeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kanuni, na kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, kimeurithisha muziki huo kizazi baada ya kizazi. Kanuni ina nyuzi sabini na kitu, tatu tatu kwa kila sauti, na kuzilinganisha tu kabla ya onyesho ni kazi ya mtu mwenye subira. Lakini yote hayo Cairo pia yalikuwapo. Kilichoifanya taarabu iwe ya pwani ni ubeti wa Kiswahili, na aliyeufikisha mbali ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Ubeti wenyewe mara nyingi una mishororo mitatu, una vina vya kati na vya mwisho, na nyuma yake kibwagizo. Ndani ya uwanja huo mdogo mtunzi anadaiwa na wawili. Ua linamdai libaki ua mpaka mwisho. Likianza kubeba funguo na kupiga hodi usiku, fumbo limevunjika. Na lalamiko linamdai lisipotee ndani ya majani. Akilikaza mno, wimbo unamwenea mtu mmoja tu na utakufa siku ugomvi ule ukiisha. Akililegeza mno, unamwenea kila mtu na haumchomi yeyote. Mombasa iliwahi kuwa na bahati ya watu walioujua mpaka huo: Ahmad Nassir Juma Bhalo akimtungia binamu yake, mwimbaji Juma Bhalo, na Ahmed Sheikh Nabhany akimwandikia Zein l'Abdin. Naona si jambo dogo kwamba mshairi alikuwa mmoja na mwimbaji mwingine. Maneno yalikuwa yamekwisha kubadili mwenyewe mara moja kabla ya kufika ukumbini, kwa hiyo hayakuwa mageni kwa safari hiyo.

Ufundi huu unaonekana wazi zaidi katika jambo ambalo wengi hulilalamikia, yaani kurudiarudia. Mshororo unaimbwa, unarudiwa, fidla zinauitikia, unaimbwa tena. Anayetafuta habari katika wimbo anachoka, kwani habari ameshaipata. Ila mtu aliyekusudia kuinuka anahitaji muda. Mshororo wa kwanza unamgusa, akiurudia mwimbaji anauhakikisha, na fidla zikiingia anavuta leso yake vizuri begani. Hapo ndipo anaondoka kitini, tena hapiti njia ya mkato. Anazunguka, anacheza kidogo mbele ya mtu fulani bila kumtazama usoni, ndipo anapanda na kumtunza mwimbaji kwa kuitia noti mkononi mwake. Mwimbaji hodari huwa amemwona tangu alipoinua kichwa. Haukimbilii ubeti wa tatu. Anabaki kwenye mshororo uleule, anaulegezea sauti, anampa nafasi afike na arudi, na wala hamwoneshi kidole yeyote, kwa kuwa si ugomvi wake. Muziki ambao ungekatwa ili usichoshe ungemnyang'anya mtunzaji muda wake wa kutembea.

Wapo watakaosema kwamba hii ni sifa ya uoga: mwenye la kusema na aseme. Jibu lao linapatikana katika namna watu wanavyoishi. Katika mtaa wa Mji Mkongwe au Kibokoni, unayegombana naye ni mke wa kaka yako, au jirani mnayepokezana vyombo vya shughuli, na kesho kutwa mtakutana msibani. Neno lililosemwa wazi halina pa kurudi. Lililoimbwa linaacha mlango: aliyetunza anaweza kusema kaupenda wimbo tu, na aliyetunziwa anaweza kujifanya hakuelewa. Tena anaweza kufanya zaidi. Anaweza kuinuka yeye mwenyewe, akautunza ubeti uleule kwa noti kubwa kuliko ya kwanza, na kuanzia hapo mshale haujulikani umetoka wapi na unakwenda wapi. Mwoga hafanyi hivyo mbele ya watu mia mbili. Huo ni ujasiri wenye adabu, na nadra sana matusi ya barabarani kumwachia mtu nafasi ya kujibu kwa heshima namna hiyo.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa Siti mwenyewe. Wimbo wake wa Kijiti haukufumba. Ulisimulia kuuawa kwa mwanamke aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam, ukamtaja mshukiwa kwa jina, na ukailaumu sheria iliyomwacha akaponyoka huku mashahidi wakitiwa hatiani. Ikiwa mama wa taarabu alitaja majina, mafumbo yanapataje kuwa kiini cha sanaa hii? Nakubali kwamba si kila wimbo mkubwa ni fumbo. Kesi ile ilikuwa imeshakwenda mahakamani, mji mzima ukiijua, kwa hiyo palikuwa hapana siri ya kuifunika. Lakini tazama yaliyoupata wimbo baadaye. Mwimbaji Bi Kidude aliendelea kuuimba miongo mingi wakati waliohusika hawakumbukwi tena, na waliomsikiliza hawakuwa wakimlilia mtu wasiyemjua. Kijiti alikuwa amegeuka kuwa kila mwenye kosa aliyepita mlango wa nyuma. Jina lilikuwamo, na wasikilizaji wakaligeuza nafasi tupu.

Mipasho, yaani nyimbo za kusutana waziwazi, ndiyo inayonisumbua zaidi. Miaka ya 1990, ushindani wa vikundi vya TOT na Muungano jijini Dar es Salaam ulizijaza kumbi, na sauti ya Khadija Kopa ilistahili makofi yote iliyopigiwa. Siungani na wanaosema kwamba taarabu ilikufa pale. Watu waliokuwa hawaijali walianza kuijua. Lakini wimbo unaotaja sura ya mtu, mwendo wake na deni lake dukani umemfanyia msikilizaji kazi yote. Hana la kuongeza ila kelele. Kosa si ukali, kwani fumbo zuri ni kali kuliko tusi. Kosa ni ubahili: mtunzi kajiwekea maana yote. Wengine huutupia lawama mchezo wa fedha, wakidai noti zimegeuza sanaa kuwa mnada. Majivuno yamo, sikatai, hasa siku hizi noti zinapomwagwa kwa ajili ya kamera ya simu. Ila kuutunza wimbo ndiyo saini ya msikilizaji. Bila gharama yoyote, mkono ulioinuliwa ungekuwa makofi tu.

Kwa hiyo hofu yangu kuhusu taarabu haiko kwenye ala. Tangu 2002 pana chuo cha muziki wa nchi za jahazi mjini Zanzibar, na vijana wanafundishwa humo udi, kanuni na fidla. Msikilizaji hana chuo. Yeye hufundwa harusini, akiwa binti wa miaka kumi na miwili aliyekaa kando ya shangazi yake, akimwuliza kwa nini bibi yule kacheka ilihali wimbo ni wa njiwa. Wimbo unaosikilizwa kwa vipokea sauti ndani ya daladala unaweza kuwa uleule, wenye mtunzi yuleyule, lakini binti huyo hana wa kumwuliza.