Kusoma Mwamba

Mgeni anayefika Jambiani au Paje akitaka kwenda kuchokoa pweza, swali lake la kwanza huwa ni la chuma cha kuchokolea: kiwe kirefu kiasi gani, kipindwe ncha au kinyooke. Atajibiwa kwa adabu. Lakini kazi hii huanzia angani. Mwezi ukiandama, na tena ukipevuka, huja maji ya bamvua, na tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Siku za maji mafu mwamba haufunuki vya kutosha, basi shughulika na mengine. Bahati ya pwani yetu ni kwamba maji ya bamvua hupwa sana kwenye saa nne asubuhi, jua likiwa limepanda na vidimbwi vinaonekana mpaka chini. Kila siku inayofuata kupwa huko huchelewa kama dakika 50, na mwenye kulishika hilo hapotezi safari.

Ukishafika mwambani, usimtafute pweza. Hubadili rangi, ngozi ikaota vinundu, akawa jiwe kati ya mawe. Utampita hatua moja. Wanawake wa Unguja na Pemba, ambao kwangu ndio mabingwa wa uvuvi huu wa miguu, hutafuta makombo yake: magamba ya kaa, kombe zilizofunguliwa, vijiwe vilivyokusanywa mlangoni pa tundu. Magamba yakishaota mwani, mwenyewe alihama zamani. Yakiwa masafi, bado yana mng'ao, yupo ndani, na pengine anakutazama. Sijaona upelelezi mzuri kuliko huu, na hufanywa huku watu wanapiga soga za harusi ya jana.

Chuma huingia taratibu. Pweza mwenyewe hukishika, na hapo ndipo papara humponza mtu: anavuta kwa nguvu, anabaki na mnyiri mmoja. Mkono usiutie kamwe, kwani mkunga hupenda matundu hayohayo na meno yake hayana mzaha. Wala usivunje mwamba kwa mtaimbo. Tundu zuri likiachwa zima hupata mpangaji mwingine. Anayelibomoa amechoma nyumba ya kodi yake mwenyewe.

Tundu lililozibwa kwa mawe lipishe. Huenda ndani yumo jike anayelinda mayai; hukaa hivyo kwa wiki kadhaa bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Mdogo naye mwache: Tanzania Bara kanuni zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, na kwa kuwa hukua upesi mno, subira hulipa haraka. Watu wa Kisiwa Panza, Pemba, hufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa, kisha huufungua kijiji kizima kikishuka pamoja.



La mwisho ni kurudi. Maji yakianza kujaa hayakufuati kutoka mbele tu. Huingia kwa mlango wa mwamba na kujaza mkondo ulio kati yako na pwani, wakati ulipo wewe bado ni vifundoni. Wenyeji wakigeuka, geuka nao, hata kama umeona tundu lenye magamba mabichi.